Gari la Kuvuta Tela Huchaguliwa kwa Breki

Katika Port Bell, pale ambapo barabara itokayo Kampala hukomea kwenye maji ya Ziwa Viktoria, mume na mke walisimama jioni moja wakilitazama tela lao jipya. Mume ni sajini mstaafu wa polisi. Mke amelea watoto sita katika nyumba za kambi, leo hapa na kesho kule. Tela lenyewe ni la safari, lile ambalo watu wengine huliita karavani: nyumba ndogo ya bati na mbao iliyowekwa juu ya ekseli moja, yenye vitanda vinne, jiko la gesi, kabati na tangi la maji. Walilinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo. Nia yao ilikuwa kwamba siku za kazi tela lisimame karibu na gati, mama auze chai, chapati na samaki. Na sikukuu zikifika waende nalo kwao Kabale, safari ya zaidi ya kilomita 400, pamoja na wajukuu.

Lilikuwa limesalia jambo moja tu, nalo ni gari la kulivuta. Dalali aliwaletea gari dogo la saluni, rangi yake ikimetameta na viti vyake vikiwa bado na harufu ya upya. Bei yake ilikuwa karibu sawa na fedha yote iliyobaki.

"Afande, injini hii ina nguvu," dalali alisema. "Tela hili italivuta bila hata kujua kwamba inavuta kitu."

"Kuvuta nimesikia, mwanangu," mama alijibu. "Je, likiwa mteremkoni, litaweza kulisimamisha?"

Dalali hakuwa na jibu. Mzee naye, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezoea kuwauliza watu maswali, aliona kwamba swali lililo kubwa kuliko yote lilikuwa limekwisha kuulizwa na mkewe. Gari lile halikununuliwa jioni ile.

Swali hilo yafaa liulizwe na kila jamaa inayofikiri kununua tela, liwe la safari, la mizigo au la kubebea mashua. Watu wengi huchagua gari kwa kutazama ukubwa wa injini. Walakini injini dhaifu humwaibisha mwenye gari mlimani tu: gari hukata pumzi, likasimama, na watu wakashuka wakiwa wazima. Breki dhaifu hazitoi nafasi ya aibu. Kwa hiyo gari la kuvuta hapana budi lichaguliwe kwanza kwa uwezo wake wa kulizuia tela, kisha ndipo uangaliwe uwezo wake wa kulivuta.

FUNZO LILILOLETWA NA RELI

Mkazi wa Port Bell hana haja ya kwenda mbali kulipata funzo hili. Bandari hiyo, iliyopewa jina la Hesketh Bell aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini Uganda tangu mwaka 1906, imezoea kupokea meli zinazobeba mabehewa ya reli kutoka Mwanza. Biashara hiyo ilididimia baada ya mwaka 2005, wakati meli ya Kabalega ilipozama kwa kugongana na meli mwenzake, Kaawa. Mwaka 2018 meli ya Umoja ya Tanzania ilianza tena kuvusha mabehewa hadi Port Bell. Behewa likivutwa kutoka melini na kuunganishwa na gari moshi, mtazamaji akiinama chini yake ataona mabomba na vyuma vya breki. Kila behewa hufungwa breki zake lenyewe, kwa sababu kichwa cha gari moshi, hata kikiwa kizito namna gani, hakiwezi peke yake kuzuia mabehewa yote yanayokisukuma kwa nyuma.

Elimu hiyo ilinunuliwa kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, gari moshi lililojaa watoto na wazazi wao waliokuwa wakienda matembezini lilishindwa kupanda mlima. Wakubwa wa safari wakaamua kuligawa, ili kichwa kipande na mabehewa ya mbele kwanza. Breki za mabehewa yale zilikuwa za namna ambayo hulegea mara tu behewa linapotengwa na kichwa. Mabehewa ya nyuma yakateleza kurudi chini, yakaligonga gari moshi jingine lililokuwa likija, na watu 80 wakafa. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likatunga sheria kwamba magari moshi ya abiria yawe na breki katika kila behewa, na breki hizo zijikaze zenyewe behewa likikatika.

Mambo mawili ya sheria ile ndiyo yanayolihusu tela la leo. La kwanza, tela zito liwe na breki zake lenyewe. La pili, likikatika njiani, breki hizo zijikaze bila kungoja amri ya dereva.

TELA LENYE BREKI NA LISILO NAZO

Tofauti baina ya tela lenye breki na lile lisilo nazo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfano mzuri ni Land Rover ya aina ya Defender, gari linalojulikana sana na askari. Watengenezaji wake waliliruhusu kuvuta barabarani tela la hadi kilo 3,500 ikiwa tela hilo lina breki zake. Tela likiwa halina breki, gari lile lile, lenye injini ile ile, liliruhusiwa kuvuta kilo 750 tu. Injini haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni uwezo wa kusimama.

Breki za matela madogo aghalabu huwa za namna mbili. Namna ya kwanza hufanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma kwa nyuma, na msukumo huo hukibonyeza chuma cha mbele ya tela ambacho huvuta nyaya za breki. Ni namna nyepesi, na fundi wa kawaida aweza kuitengeneza. Namna ya pili ni ya umeme, ambayo huhitaji kifaa maalumu ndani ya gari cha kuziamuru. Hii humpa dereva uwezo zaidi, lakini waya mmoja ukikatika breki hazipo. Atakayenunua gari na alijue kwanza tela lake lina breki za namna gani, ili asije akanunua gari lisiloweza kuziamuru.

Namna yoyote iwayo, sharti pawe na waya mwembamba wa dharura unaounganisha breki za tela na gari. Tela likichomoka, waya huo huzivuta breki na kuzikaza, kisha ndipo ukatike. Waya huo ni wa bei ndogo, na ndio unaofanya kazi ile ambayo watu wa Armagh waliikosa.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kutojua uzito wa tela. Huamini uzito ulioandikwa kwenye kibao, na kibao aghalabu hutaja tela likiwa tupu. Lakini hakuna jamaa inayosafiri na tela tupu.

Mama wa Port Bell alichukua daftari akaandika. Tela tupu lilikuwa kilo 950. Tangi la maji lilikuwa la lita 80, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, hizo ni kilo 80. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 13, pamoja na chuma chake, ilifika karibu kilo 55. Betri ilikuwa kilo 25. Tairi la akiba na jeki kilo 30. Magodoro, mablanketi na nguo kilo 60. Sufuria, sahani na birika kilo 40. Unga, mchele, mafuta na ndizi kilo 60. Alipojumlisha, vitu hivyo vilikuwa kilo 350, na tela zima likawa kilo 1,300. Mzee alishangaa, kwa maana hakuna hata kitu kimoja katika orodha ile ambacho angekiita kizito.

Hesabu ya daftari ni mwanzo mwema, ila mizani ndiyo shahidi. Tela likishapakiwa kama siku ya safari, lipelekwe kwenye mizani ya kupimia malori, au ya ghala au kiwanda ambacho kitakubali kulipima.

Baada ya kuujua uzito huo, zipo hesabu tatu za kufanywa.

Ya kwanza ni ulinganifu wa gari na tela. Wenye uzoefu wa kuvuta karavani huko Uingereza humshauri dereva mgeni kwamba tela lililopakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalolivuta. Kwa tela la kilo 1,300, gari lisipungue kilo 1,530 hivi. Saluni ndogo aghalabu ni ya kilo 1,100 au 1,200. Yaani tela lingekuwa zito kuliko gari lenyewe. Hapo si gari linaloliongoza tela tena. Tela ndilo litakaloamua waende wapi.

Ya pili ni mzigo unaokaa juu ya kulabu ya gari. Kichwa cha tela hakipasi kuwa chepesi mno wala kizito mno. Kiasi kifaacho kwa tela la namna hii ni baina ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela, na wengi huona ni heri kukaribia kumi. Kwa kilo 1,300, kumi kwa mia ni kilo 130. Kichwa kikiwa chepesi, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Kikiwa kizito, nyuma ya gari hudidimia, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, na usukani ukapoteza utiifu. Kupima si kazi ngumu. Mizani ya jukwaa, ile ambayo hupimia samaki na magunia, huwekwa chini ya kichwa cha tela mahali palipo sawa, kichwa kikiwa katika kimo kile kile cha kulabu ya gari. Na iwapo kichwa ni chepesi au kizito, dawa ni kuhamisha mizigo. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli. Vyepesi viende juu na kwenye ncha.

Ya tatu ni mzigo wa gari lenyewe. Wengi husahau kwamba zile kilo 130 za kulabuni hubebwa na gari. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Mizigo ya buti ikiwa kilo 100, jumla ni kilo 580. Saluni nyingi haziruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 400 au 500. Basi saluni ya dalali ingekuwa imepakiwa kupita kiasi hata kabla tela halijasogea.

Kitabu cha gari hutaja uzito linaoruhusiwa kuvuta, na pia uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Iwapo tarakimu hizo mbili zinagongana, ifuatwe iliyo ndogo. Tahadhari moja inafaa hapa Afrika Mashariki, ambako magari mengi huletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe hayakuandikiwa uzito wowote wa kuvuta, kwa sababu huko watu wachache huvuta matela. Mnunuzi asilitazame gari lenye jina lile lile lililouzwa nchi nyingine akadhani kwamba ni moja. Breki, rejeta na springi zaweza kuwa tofauti.

UMBO LA GARI

Baada ya uzito huja umbo. Gari ambalo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana sana hutulia kuliko gari fupi. Ndiyo maana Land Rover ndefu huvuta tela kwa utulivu kuliko ile fupi, ingawa zote mbili zaweza kuwa na injini moja. Kadhalika, kulabu ikiwa karibu na ekseli ya nyuma, tela hupata nguvu ndogo ya kulitikisa gari. Gari lenye mkia mrefu uliochomoza nyuma ya magurudumu humpa mpinzani wake fimbo ndefu ya kulisukumia.

Magurudumu yapi yanasukuma? Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele hupata taabu kwenye mlima wenye matope, kwa kuwa tela hukandamiza nyuma na kuyainua ya mbele. Linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma hukamata ardhi vizuri zaidi. Linaloendeshwa kwa yote manne, likiwa na gia ya chini ya ziada, ndilo bora kwa barabara za udongo wakati wa masika na kwa kazi ya kuvuta mashua kutoka ufukoni. Lakini mwenye gari la namna hiyo asijidanganye. Magurudumu manne yanayosukuma humsaidia kwenda. Katika kusimama, kila gari tangu hapo lina breki katika magurudumu manne.

Chasisi nayo itazamwe. Pikapu na magari ya aina ya Land Cruiser ya kazi yana chasisi ya vyuma viwili virefu ambayo kulabu hufungwa kwake kwa bolti. Saluni nyingi hazina chasisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo hubeba kila kitu. Kulabu iliyochomelewa kwenye bati la nyuma na fundi wa kando ya barabara yaweza kung'oka pamoja na bati hilo. Ukaguzi wake haugharimu kitu: mnunuzi ainame, atazame kutu, nyufa na bolti.

HEWA YA NYANDA ZA JUU

Liko jambo moja ambalo vitabu vya magari vilivyoandikwa kwa nchi za pwani huligusia kwa ufupi tu, nalo linaihusu sana Uganda. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita zaidi ya 1,130 juu ya bahari. Kabale iko karibu mita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini iliyopimwa huko pwani ikapatikana na nguvu za farasi 100, katika Port Bell ina kama 89 tu. Ikifika Kabale ina kama 80. Tela halipungui uzito kwa sababu ya kupanda juu.

Kwa hiyo anayeishi nyanda za juu asinunue gari ambalo nguvu zake zinatosha kwa shida kwenye karatasi. Injini ya dizeli yenye kipulizi cha hewa, kile kiitwacho tabo, hupoteza nguvu kidogo zaidi, kwa kuwa hujisukumia hewa yenyewe. Zaidi ya hayo dizeli huvuta kwa nguvu injini ikiwa katika mzunguko wa chini, jambo ambalo huipunguzia taabu klachi wakati wa kuanza kupanda.

Rejeta ikaguliwe isiwe na uvujaji wala matope, na feni iwe nzima. Lenye gia za otomatiki lahitaji pia kipozea mafuta ya gia, maana joto ndilo linaloua giaboksi za namna hiyo.

KUTEREMKA

Kupanda mlima kwahitaji injini. Kuteremka kwahitaji akili. Gari la kilo 1,900 na tela la kilo 1,300 ni kilo 3,200 zinazotaka kwenda bondeni. Kila zinaposhikwa na breki, nguvu yake hugeuka kuwa joto. Breki zikipata moto kupita kiasi, ngozi zake huteleza badala ya kushika. Mafuta ya breki nayo yana siri yake: hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali ya breki huzama hadi sakafuni bila kufanya kazi. Gari lililokaa miaka mingi kando ya ziwa, au gari lolote lisilojulikana historia yake, libadilishwe mafuta hayo kabla ya kufungwa tela.

Dereva naye ashike kanuni ya zamani: mlima uteremkwe kwa gia ile ile ambayo ungepandwa nayo. Gia hiyo iingizwe kileleni kabla ya mteremko kuanza. Breki zikanyagwe kwa vipindi, kwa nguvu kidogo na kuachwa zipoe. Zisikanyagwe bila kuachia tangu juu hadi chini. Mwendo ni jambo la kuogopwa zaidi, kwa sababu ukizidishwa mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huwa mara nne.

Na tela likianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa ghafula wala asiongeze mwendo akidhani atalinyoosha. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani imara ukiwa umenyooka, na aliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisha asimame mahali pa salama ahamishe mizigo, maana kuyumba ni malalamiko ya tela juu ya upakiaji wake.

SHERIA NA ULINZI WA WATU

Tela ni chombo kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Uganda ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 huhesabu tela kuwa kitu cha kusajiliwa, sawa na gari. Mwenye tela na aulize mapema kama daraja la leseni yake lamruhusu kuvuta uzito alionao, na aulize shirika lake la bima, kwa maandishi, kama bima ya gari inalilinda pia tela. Jibu la mdomo halimsaidii mtu siku ya ajali.

Taa za nyuma, za breki na za ishara zifanye kazi, na vioo vya pembeni viwe virefu vya kumwonyesha dereva kilicho nyuma ya tela. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya kichwa cha tela, ili kichwa kikichomoka kidakwe kabla hakijagusa lami.

Jambo la mwisho laihusu jamaa yenyewe. Tela la safari lina vitanda, na mtoto aliyechoka atataka kulala humo. Asiruhusiwe hata kidogo tela likiwa katika mwendo. Humo hamna mkanda wala dereva wa kusikia kilio chake. Mtungi wa gesi nao ufungwe kabla ya safari, na usimamishwe wima mahali pake ili usianguke.

MWISHO WA SHAURI

Majuma matatu baadaye, mzee na mama walinunua pikapu ya dizeli yenye kabini mbili, iliyotumika miaka mingi. Rangi yake ilikuwa imefifia, na mlango mmoja uligoma kufunguka kutoka ndani hadi ulipotengenezwa. Ilikuwa na kilo 1,900, chasisi isiyo na kutu na kulabu iliyofungwa kwa bolti. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya saluni. Fedha iliyosalia mama hakuiachia iende kwenye rangi. Aliigawa mafungu: ngozi mpya za breki za gari, nyaya mpya za breki za tela, mafuta mapya ya breki, matairi mawili ya tela, na waya wa dharura.

"Mama," fundi alimwambia, "hata siti hutaki zishonwe upya?"

"Siti zitangoja," alijibu. "Juu yake watakaa wajukuu zangu."

Kabla ya safari ya Kabale walifanya jaribio. Tela lilipakiwa magunia ya mchanga yenye uzito sawa na vitu vya daftarini, na likavutwa asubuhi mapema kutoka Port Bell, kupitia Luzira, Kitintale na Bugolobi, hadi mjini, njia ya kilomita kumi hivi. Walipofika walisimama, na mzee akaweka mkono karibu na vikombe vya magurudumu ya tela. Kimoja kilikuwa na joto kuliko mwenzake. Beringi yake ilihitaji grisi, na breki yake ilikuwa imekazwa mno. Kosa hilo dogo lilionekana kilomita kumi kutoka nyumbani, mchana, bila watoto garini. Lingeweza kuonekana kwenye milima ya Kigezi.

Kwa jamaa nyingine inayokusudia jambo kama hilo, mpango mzima waweza kuandikwa kwenye kipande kimoja cha karatasi na kuchukuliwa mfukoni siku ya kwenda kwa dalali:

1. Tela lina uzito gani likiwa limepakiwa, kwa mizani?
2. Je, lina breki zake, na waya wa dharura upo?
3. Kitabu cha gari chasema laweza kuvuta kiasi gani?
4. Uzito wa tela ni chini ya asilimia 85 ya uzito wa gari?
5. Gari laweza kubeba watu, mizigo na kichwa cha tela kwa pamoja?
6. Kulabu imefungwa wapi, na chasisi ni nzima?
7. Nguvu za injini zitatosha kwenye mwinuko wa mahali pa kwenda?
8. Gari na tela vitasimama mteremkoni?

Swali la nane likikosa jibu, yale saba hayana faida. Siku ya safari mzee aliingiza gia ya pili kwenye kilele cha kila mlima kabla ya kuteremka, na magari mengine yakampita yakipiga honi. Mama, aliyeketi kando yake na daftari mapajani, hakumhimiza aende mbio. Walifika Kabale jua likizama, wajukuu wakiwa wamelala kwenye siti ambazo hazijashonwa. Kawia ufike.